Glasi ya Baba Fredy

Picha ya kwanza iliingia nikiwa kwenye kahawa. Mikono ilikuwa inanata, nikaifungua simu kwa kidole cha mwisho. Mume wangu Thadeus amesimama kando ya ukuta wa mawe, nyuma yake kilima, juu ya kilima mji wa zamani wenye mnara, na chini mizabibu imepandwa mistari mpaka macho yanachoka. Amevaa koti lake la Pasaka. Hacheki. Binti yetu Violet ameandika chini: "Baba akiwa likizo."

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Thadeus na likizo wapi na wapi. Kwetu Kibosho likizo ni jambo la Desemba, nalo si letu, ni la wanaopanda kutoka Dar kuja kula ndizi na kutuachia masufuria ya kuosha. Sisi tunaoishi huku huku mlimani twende likizo wapi?

Nieleze kidogo. Violet ana miaka sita Italia. Alikwenda kusomea mambo ya udongo na mimea, akapata kazi, halafu akampata Rujero. Mama yake Rujero anaitwa Ornella, mjane mwenye shamba la mizabibu nje ya mji mmoja wa vilimani, na divai anaitengeneza kwa mikono yake. Krismasi iliyopita Rujero alikuja kwetu, akakata majani ya ng'ombe mpaka viganja vikatoka malengelenge, akala kiburu chetu cha ndizi na maharage na kuomba tena. Mimi nikampenda, sikujificha. Thadeus yeye alisema tu, "Nikaone kwao kwanza." Ndiyo ikawa safari. Wiki mbili za Septemba, wakati wa kuvuna zabibu, na Jumapili ya mwisho, mezani, mbele ya ndugu zao, Rujero angemwomba Thadeus binti kwa heshima zote. Mimi nilibaki kwa sababu ng'ombe alikuwa na siku chache azae, na kahawa ilikuwa inaiva yote kwa mpigo.

Lakini kuna neno ambalo Thadeus hakuwa nalo alipopanda ndege. Violet alikuwa amenipigia wiki moja kabla. "Mama," akasema, "Baba akirudi bila kusema ndiyo, mimi nitafunga ndoa hivyo hivyo. Ila nyumbani sitakuja tena. Nitakuja kwa uso gani?" Angekuwa analia ningejua ni hasira, zitapita. Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya sukari. Watu wa ukoo wa baba yake wakisema taratibu wamemaliza. Sikumwambia baba yake, nilidhani nikimwambia atakaza shingo zaidi.

Kwa hiyo zile wiki mbili sikuwa na makalio ya kukalia. Simu ikilia naruka. Isipolia naitazama kama imenikosea. Niliunguza mtori mara mbili katika siku tatu, mimi, ambaye wake za watu huja kwangu kujifunza mtori. Kwetu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, juu ya jiwe kando ya mfereji, na njia ya kutoka jikoni hadi kwenye jiwe lile niliitengeneza upya kwa miguu yangu.

Thadeus hajui kuandika ujumbe, anatuma sauti. Anaongea kama anahutubia mkutano wa chama cha ushirika. "Mama Fredy, miji ya huku yote ni mmoja. Unapanda, unakuta kanisa, unashuka. Kesho tunapanda mwingine." Siku iliyofuata: "Wanauita mlima. Nimeupanda mikono ikiwa mfukoni." Na nyingine: "Mizabibu yote hii hakuna hata mgomba mmoja wa kuitilia kivuli. Hawa watu wanakula nini?"

Fredy, mwanetu wa kwanza aliyeko Mwanza, alikuwa anacheka mpaka anakohoa nikimrushia sauti zile. Mimi nilisikia kingine ndani yake. Thadeus alikuwa hatulii. Aliamka alfajiri akauzunguka ule mji mara tatu, peke yake na paka. Alihesabu ngazi za kanisa. Siku ya tatu alipata mkasi wa kukatia zabibu akaingia shambani na wavunaji, na alikuwa ameshamaliza mstari mzima Ornella alipokuja, akamtoa mkasi mkononi kwa adabu, akamkalisha kivulini na kumpigapiga bega. "Nimekatazwa kazi," Thadeus aliniambia. "Nimekaa kama mgonjwa. Mama yule lakini ni mtu. Ana mikono ya mkulima." Hilo la mikono nililishika. Thadeus hasifii mtu ovyo.

Siku ya tano nikashindwa kukaa nyumbani, nikashuka Moshi mjini kwa Mwantum. Mwantum ni fundi cherehani pale mtaa wa Soweto, rafiki yangu tangu watoto wetu wakiwa wadogo, yeye Mwislamu wa mjini na mimi Mkatoliki wa kule juu, na hatujawahi kukosana isipokuwa kuhusu chumvi. Nilikwenda kuangalia kitambaa cha harusi ambayo haijakubaliwa. Mwantum hakuniuliza. Alinipa kigoda, akavaa miwani, akaomba picha.

"Huyu shemeji amekonda," akasema.

"Wapi."

"Tazama shingo. Hawampi chakula?" Akaikuza picha kwa vidole viwili. Ilikuwa meza ndefu nje, chini ya mti, watu wanane, mikate, jibini, kila mtu na glasi yake ya divai nyekundu imefika nusu au imebaki tone. Mbele ya Thadeus glasi imejaa mpaka juu.

Nikamnyang'anya simu. Nikarudi picha ya juzi. Imejaa. Ya siku ya pili, kwenye mgahawa wa uwanja wa kanisa. Imejaa. Na chupa ya maji, ya dukani, mfuniko kando. Mume wangu nimeishi naye miaka thelathini na nane, na sijawahi kumwona ameacha chombo kimejaa. Si mlevi, ila chombo anakimaliza.

Ndipo nikakumbuka video fupi ambayo Violet aliituma siku ya kwanza na mimi niliitazama mara moja tu, nikiangalia sura za watu. Tukaitazama pamoja, mimi na Mwantum. Ornella anatoka ghalani na chupa ya vumbi. Anaifungua, anamimina kidogo sana kwenye glasi ya Thadeus, kama dawa ya mtoto, halafu anasimama. Wote wanamwangalia yeye. Thadeus anaangalia glasi. Anainua macho, anamwangalia Violet aliyeshika simu, anamwangalia kwa muda. Kisha anaisogeza glasi pembeni kwa vidole viwili na kusema, "Asante mama, nimeshiba." Ornella anaijaza hivyo hivyo na kumrudishia.

"Mbona wamemmiminia kidogo vile na kumkodolea macho?" Mwantum akauliza. "Kama wanasubiri aanguke."

Nilicheka, nikacheka mpaka nikashika meza ya cherehani. Baadaye sikucheka tena.

Labda kule ni heshima, mgeni aonje aseme nzuri. Kwetu ni kinyume, kinyume kabisa. Kwetu anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza mbele ya macho yako, si kutoka kwenye mtungi, kutoka kwenye kata ile ile atakayokupa mkononi. Akishameza, unapokea. Ndivyo unavyojua hakukuwekea kitu. Vijana siku hizi wanaona mchezo, lakini babu yake Thadeus alikunywa kwa shemeji yake kata ambayo haikuonjwa, akaletwa nyumbani amebebwa, na ukoo mzima umekua na hadithi hiyo. Thadeus hawezi kunywa ambacho hakikuonjwa, na hawezi kuomba kionjwe. Kuomba ni kumwambia mwenye nyumba usoni kwamba unamwogopa.

Lakini kumwogopa Ornella, hapana. Mtu aliyesema ana mikono ya mkulima hamwogopi. Nilimjua mume wangu, na yale macho aliyomtupia Violet yalikuwa yananisumbua mpaka nikiwa kwenye gari la kurudi juu, na nilipofika kwenye jiwe langu nilikuwa nimeshajua.

Mgeni akiwa ugenini, na wenyeji hawajui au wamesahau, binti yake anaweza kumwonjea. Mimi nilifanya. Baba yangu alipokuja mara ya kwanza kwa wakina Thadeus baada ya kuolewa kwangu, mama mkwe alileta kata na kwa haraka zake akataka kumpa moja kwa moja. Niliinuka bila kusukumwa na mtu, nikaipokea, nikanywa funda moja, nikapiga magoti nikampa baba. Baba aliinywa yote. Thadeus alikuwa amesimama mlangoni, na miaka mingi baadaye aliniambia, "Siku ile ndiyo nilijua nimeoa mtoto wa mtu."

Sasa alikuwa amekaa kule kwenye vilima vya watu, siku ya tano, na kila glasi inapokuja anamtazama Violet. Anampa nafasi. Na Violet anatabasamu na kupiga picha.

Na kosa ni la nani? Langu. Mtoto akisogea jikoni nilimfukuza akasome. Mbege ikinywewa nilimwambia nenda chumbani, usije ukanuka shule. Alienda bweni akiwa na miaka kumi na tatu, na kila Desemba alikunywa soda, na soda haionjwi, inafunguliwa mbele yako basi. Nilijivunia sana kwamba mwanangu hajui hata kata inashikwaje. Nilikuwa nawasimulia watu.

Nilimpigia Thadeus. "Baba Fredy, kwa nini hunywi?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu nimefika." Nilisikia kengele ya kanisa kwake. "Ng'ombe amezaa?"

"Bado. Violet anakusubiri useme, Baba Fredy."

"Na mimi namsubiri," akasema, akaniuliza kuhusu kahawa, akakata.

Siku mbili kabla ya ile Jumapili Violet akanipigia analia, afadhali alilia. Alisema baba yake anawadharau. Alisema mizabibu ile aliipanda marehemu baba yake Rujero, na divai ile Ornella aliificha miaka kumi na moja akingoja siku kama hii, na Baba anaisukuma kwa vidole viwili kama sahani chafu. Ndugu wanaulizana kama ni mambo ya rangi. Ornella amelia jikoni. "Mama, kama hataki si aseme tu? Nimemtembeza miji minane. Nimemwonyesha kila kitu."

Sentensi moja tu ilikuwa mdomoni kwangu. Onja wewe kwanza, umpe. Niliimeza. Nilimwambia tuombe Mungu, nikakata simu, nikajichukia.

Sababu nilimwambia Mwantum kesho yake, nilishuka tena mjini, kitambaa sikukigusa. Nikasema, nikimwambia Violet, atafanya. Atafanya vizuri, ana akili. Lakini itakuwa ni mimi nimefanya, na Thadeus hakuniomba mimi. Anataka kujua kama mtoto bado ni wake. Nikimfundisha mtoto jibu, nimemwibia baba yake mtihani.

Mwantum alikuwa anapiga pasi. "Mimi pombe siijui," akasema, "ila watoto nawajua. Wewe nani alikufundisha kuonja? Ulizaliwa unajua?"

"Niliona kwa mama."

"Basi. Wako hakuona. Mwambie." Akageuza shati. "Au unataka umlindie mumeo ukweli mpaka ukose mtoto? Kwani yeye ukweli huo ataupeleka wapi?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye mambo ya kwetu hayajui, akaniambia kweli hayajui, akaniletea chai. Sikuinywa, na nilipanda nyumbani nimenuna njia nzima.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza na sijui padri alisoma nini. Kule kwao saa iko nyuma yetu kwa saa moja, wangekaa mezani saa saba yao. Nilirudi, nikavua viatu, nikaingia kwenye kahawa siku ya Bwana, Mungu anisamehe, kwa sababu mikono ilikataa kukaa. Nilipoangalia kikapu nilikuwa nimechuma mbichi. Kijani tupu. Tangu utoto wangu sijachuma kahawa mbichi. Nikakiacha pale chini, nikaenda kwenye jiwe mbio, umri huu, na kanga imelegea.

Violet alipokea mlio wa tatu. Nyuma yake sufuria, wanawake wanaongea kwa sauti, mtu anacheka.

"Shikamoo Mama. Tunapakua, niambie haraka."

"Marahaba. Violet, sogea pembeni." Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kata, babu yake Thadeus, kuonja, glasi ile ile, si nyingine. Nikamwambia Ornella akimmiminia baba yako, wewe inuka, ichukue, kunywa funda moja, mpe kwa mikono miwili.

Alinyamaza. Nilidhani ameumia. Nilidhani anakumbuka kitu.

"Ndiyo hilo tu?" akauliza.

"Ndiyo hilo."

"Jamani, si angesema tu? Siku zote hizi." Akashusha pumzi, na nilisikia anatabasamu. "Okay. Ninywe kiasi gani? Na nikishakunywa nifute mdomo wa glasi au nisifute?"

"Usifute," nikamwambia.

"Nipige na magoti?"

"Kama utaweza."

"Nina gauni refu, poa tu. Asante Mama, umeniokoa." Akaenda.

Nilikaa kwenye jiwe. Sikurudi kwenye kahawa, sikupika. Ng'ombe alilia nikampa majani na kurudi. Jirani alipita akaniuliza kama nasubiri mtu, nikasema nasubiri simu, akaniangalia miguu mitupu akaondoka zake. Niliwaza kwamba Violet atacheka katikati. Niliwaza Thadeus atagundua, kwamba ataniona mimi kwenye mikono ya mtoto. Niliwaza pia kwamba hatagundua, na sikujua nililokuwa naliogopa zaidi.

Saa kumi na robo simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Mama Fredy."

"Niambie."

Hakuniambia. Nilimsikia anavuta pua. Nimemwona Thadeus akizika mama yake, akizika kaka zake wawili, sijawahi kumsikia anavuta pua.

"Ameinuka," akasema. "Hakuna aliyemwambia. Yule mama amenimiminia kidogo kama kawaida yao, wote wameniangalia, nikasema moyoni leo ndiyo mwisho. Mtoto akainuka. Ameichukua glasi, amekunywa, amepiga magoti pale kwenye mawe na gauni lake zuri, akanipa. Mikono miwili. Mama Fredy, hata hakufuta."

"Ukanywa?"

"Nimekunywa nikaomba nyingine. Ni kali kidogo, ila ni kitu. Yule mama amecheka mpaka akalia. Rujero akasimama akasema yake, Violet akatafsiri, nami nikasema ndiyo. Nimewaambia Desemba waje wote, waje waone watu." Halafu sauti ikashuka, ikawa sauti ya chumbani. "Wewe ulimwambia?"

Jua lilikuwa limeingia kwenye migomba. Mimi si mtakatifu, nimewahi kumdanganya kuhusu vikombe vilivyovunjika na kuhusu wageni nisiotaka kuwaona. Hili halikuwa kama hayo. Nilijua nikisema ndiyo atanyamaza, atasema haidhuru, na hatasema tena mpaka tuzikwe.

"Nimwambie nini?" nikasema. "Nilikuwa misani, nikatoka nikaingia kwenye kahawa. Sijaongea naye leo."

Akacheka. Tangu aondoke sikuwa nimemsikia akicheka. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Damu haipotei, Mama Fredy. Miaka sita huko kwa watu na bado anajua. Ngoja nikupe umsikie."

Nikasikia hatua, mlango, kelele za meza zikabaki mbali. Violet alikuwa amesogea pembeni ili baba yake asisikie. Alikuwa na furaha mpaka anahema.

"Mama," akaninong'oneza, "imekubali."

Kama mtu aliyepewa namba ya siri ya mtandao na ikafungua. Nilimwambia Mungu ashukuriwe, nikamwambia ampe Ornella salamu, nikasema mtandao unakata, nao haukuwa unakata. Nililia pale kwenye jiwe mpaka kifua kikauma. Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, harusi ipo, mtoto atakuja Desemba, na bado nililia kama niliyefiwa, kwa sababu alichokuwa anakitafuta Thadeus siku zote zile mimi nimeona kwamba hakikuwepo.

Alhamisi nitashuka uwanja wa ndege kumpokea. Atanisimulia garini, atanisimulia akila, atawasimulia majirani na kaka zangu na padri, jinsi binti yake alivyoinuka pasipo mtu kumwambia. Nitamsikiliza kila mara, na akiniuliza, "Si ndivyo, Mama Fredy?" nitasema ndivyo.